Viwanja vya Kitale na Bungoma: Historia ya Nani Aliruhusiwa Kukusanyika

Anayeingia Kitale kwa matatu kutoka Eldoret hukutana kwanza na jumba la makumbusho kando ya barabara, kabla hajaona stesheni, soko wala klabu. Anayeingia Bungoma kutoka Webuye hupita Kanduyi, penye uwanja wa michezo uliopewa jina la Masinde Muliro, kisha huteremkia mjini palipo na stesheni ya reli, maduka ya zamani na uwanja wa Posta ambako wanasiasa wamehutubu miaka nenda miaka rudi. Alama za kila mji mtu anaweza kuzizunguka kwa miguu asubuhi moja. Lakini akizitazama moja moja hatazielewa. Jengo la Kitale lina maelezo yake Bungoma, na uwanja wa Bungoma una deni lake Kitale.

Katika miji mikongwe ya pwani, watu walikutana kwanza mbele ya msikiti au penye soko la bandarini, na nyumba zikawafuata. Kitale na Bungoma hazikuanza hivyo. Zilianza na reli, ghala na ua, na katika mashamba yaliyokuwa nyuma ya ua huo Mwafrika aliingia kwa kibali. Kwa hiyo kila mahali pa wazi tunapopaona leo pamepiganiwa, pamenunuliwa au pamerithiwa kwa shida. Historia ninayotaka kuisimulia ni hiyo.

Kabla ya 1895: malisho, kuta na misafara

Kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani kuna uwanda ulioinuka futi 7,000 hivi, wenye mvua ya kutosha na udongo mzito. Mashimo ya makazi ya Wasirikwa yanayoonekana sehemu hizi yanathibitisha kwamba wafugaji waliishi hapa karne nyingi kabla ya reli. Baadaye Wamaasai wa Uasin Gishu walilisha hapa, Wapokoti wakiwa kaskazini na Wasabaoti wakishika miteremko ya Elgon pamoja na mapango yake. Kusini na magharibi, Wabukusu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, kijiji kama hicho kikiitwa lukoba. Mwenye lukoba alikuwa na malango machache yaliyofungwa usiku, na ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Watachoni, majirani wao, walijenga vivyo hivyo.

Wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani walifika kwa Mumia, mfalme wa Wanga, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mjini Kitale inasimuliwa kwamba misafara ilikuwa na kituo hapo pia, na kwamba duara la mawe lililo katika uwanja wa Kitale Club ndilo walilofungiwa mateka kabla ya kuendelea na safari ya kwenda Bagamoyo. Klabu hiyo walowezi waliijenga mwaka 1924. Ninaposimama karibu na mawe hayo linaloniuma si umri wake tu. Ni kwamba mahali ambapo mji wenyewe unasema watu walifungwa minyororo pakageuzwa pa starehe, na wajukuu wa watu hao wakaingia pale miaka mingi kama wabeba sinia.

Chetambe, 1895

Ufunguo wa yote yaliyofuata uko juu ya kilima kinachotazama mji wa Webuye.

Mapema mwaka 1895 C. W. Hobley alifika kwa Mumia kuwa mtawala wa Waingereza katika eneo zima. Nchi hiyo yote ilihesabiwa wakati huo kuwa sehemu ya Uganda. Hobley alikuwa na askari wachache, wengi wao Wasudani, na baadhi ya bunduki za serikali zilikuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu. Alidai zirudishwe. Wabukusu hawakuona sababu. Walikuwa wameshapigana na misafara na majirani, na waliijua vizuri thamani ya bunduki. Kikosi kilichotumwa kwenda kuzichukua kwa nguvu kilishambuliwa na karibu askari wote wakauawa.

Serikali changa haikuweza kulimeza pigo hilo. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Hobley na William Grant, aliyetoka upande wa Busoga, waliongoza jeshi la Wasudani, wapiganaji wa Kiganda chini ya Semei Kakungulu, na wasaidizi kutoka Wanga na kwa Wamaasai. Waliishambulia kwanza Lumboka, ngome ya Wabukusu, ikaanguka baada ya mapigano makali. Waliosalia walikimbilia Chetambe, lukoba ya mtu wa jina hilo ambaye Watachoni wanamkumbuka hadi leo kuwa mzee wao. Ukuta ulikuwa mnene, handaki lilikuwa refu, na watu waliokuwa ndani walikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache. Nje kulikuwa na bunduki ya rashasha. Ukuta uliwahi kuwazuia Wateso na Wamaasai, lakini risasi zilizomiminwa langoni mfululizo hazikuwa jambo ambalo mjenzi wa lukoba aliwahi kulipangia. Wengi waliuawa, wanawake na watoto wakachukuliwa mateka, ng'ombe wakasombwa.

Matokeo yake yalikuwa mawili, na yote mawili yanaonekana mijini leo. La kwanza, nguvu ya Wabukusu ya kukataa kwa silaha ilivunjika, na serikali ikaanza kuwatawala kupitia Wanga. Murunga, ndugu wa Mumia kwa baba, aliwekwa kuwa chifu upande wa Kimilili, na chuki ya kutawaliwa na mgeni wa karibu ikakaa vizazi viwili. La pili, baada ya Uganda kuikabidhi himaya ya Afrika Mashariki jimbo lake la mashariki mwaka 1902, uwanda ulio kaskazini mwa Wabukusu ukahesabiwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, tayari kugawiwa.

Reli, klabu na kipande, 1908 hadi 1940

Kitale ilianza kama makazi ya walowezi mwaka 1908, lakini mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia palikuwa pa watu wachache tu. Mgeuko ulikuja mwaka 1919. Serikali ya Uingereza, ikitaka kuwatuza maofisa waliopigana vitani, iligawa mashamba ya nyanda za juu kwa bahati nasibu, na mengi ya mashamba hayo yalikuwa Trans Nzoia. Meja na kanali wakafika na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Wasabaoti walisukumwa mlimani, na Wapokoti wakasukumwa kaskazini. Wabukusu waliolima na kulisha upande huo wakaambiwa kwamba sasa wamo katika shamba la bwana fulani.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi la Kitale likakamilika mwaka 1926. Hapo ndipo mji ulipopata umbo lake: stesheni, maghala ya mahindi, benki, mahakama, maduka ya Wahindi, klabu na kanisa la walowezi. Njia kuu ilishika upande mwingine, ikapita Broderick Falls, ambayo leo ni Webuye, kisha Bungoma, hadi Malaba na Uganda, ikafika Kampala mwaka 1931. Bungoma ni mtoto wa njia hiyo. Ilizaliwa kama stesheni ya kupakia mahindi na pamba ya wakulima wadogo, Wahindi wakafungua maduka karibu na reli, na makao ya wilaya yakabaki mbali, Kakamega.

Tofauti ya miji hiyo miwili ilikuwa ya kisheria. Bungoma ilikuwa ndani ya hifadhi ya wenyeji. Kitale ilikuwa katika nyanda za Wazungu. Mbukusu aliyetoka maeneo ya Kamukuywa kwenda kutafuta kazi alivuka mpaka huo na kipande chake, yaani kitambulisho cha kazi, kikiwa kimening'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Akitaka kukaa shambani na familia yake na ng'ombe wawili watatu, sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Aliitwa skwota katika ardhi ambayo babake alilisha.

Kati ya waliogawiwa ardhi alikuwamo Luteni Kanali Hugh Stoneham, mtu aliyependa vipepeo, ndege na vitabu kuliko mahindi. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake upande wa Cherangani na kuendelea kukusanya kwa miaka arobaini. Tutarudi kwake.

Masinde na uwanja wa Malakisi, 1943 hadi 1948

Elijah Masinde alizaliwa Maeni, Kimilili, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kabla ya watu kumjua kuwa nabii walimjua kuwa mchezaji wa mpira: mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alilelewa katika kanisa la Friends, akatengwa alipooa mke wa pili, akafanya kazi ya kupeleka hati za mahakama ya wenyeji. Mtu aliyekimbia uwanjani mbele ya umati na kubisha hodi nyumba kwa nyumba na karatasi za serikali alizijua pande zote mbili za utawala.

Vita vya Pili viliongeza mzigo. Vijana walipelekwa jeshini, mashamba ya walowezi yalidai vibarua, na maofisa wa kilimo waliingia mashambani mwa watu kuwaamrisha wang'oe magugu. Masinde akakataa. Karibu mwaka 1943 alianzisha Dini ya Msambwa, iliyowarudisha watu kwa mungu wa mababu na kusema waziwazi kwamba Wazungu lazima waondoke. Mwaka 1945 serikali ilimtangaza kuwa mgonjwa wa akili na kumfungia Mathari, Nairobi, hadi mwaka 1947. Nionavyo mimi, hukumu ile ilisema mengi juu ya waliomfunga: hawakuwa na jibu la swali la ardhi, wakalitafutia daktari.

Alipotoka, jambo kubwa alilofanya lilikuwa la kukusanya watu. Septemba 1947 aliwaongoza maelfu ya wafuasi kupanda Chetambe. Walichinja na kuomba penye handaki ambamo mababu walikufa mwaka 1895. Miaka 52 ilikuwa imepita, na wazee walioyaona mauaji hayo wakiwa watoto walikuwa bado hai. Hapo kilima kiligeuka kuwa uwanja wa umma wa kwanza ambao watu wa Bungoma walijipa wenyewe, bila kibali cha chifu wala cha bwana shauri.

Serikali ilielewa. Tarehe 10 Februari 1948 umati wa wafuasi ulikwenda kituo cha polisi cha Malakisi kwa sababu ya wenzao waliokuwa wamekamatwa. Polisi walifyatua risasi. Watu 11 waliuawa. Malakisi ilikuwa kituo kidogo cha pamba na soko, mahali ambapo mama alikwenda kuuza ndizi na kurudi. Siku hiyo pakawa pa maombolezo. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa siku chache baadaye na kupelekwa uhamishoni Lamu, kisha Marsabit. Moto haukuzimika. Mwezi wa Aprili 1950, Kolloa, Baringo, kundi la Wapokoti lililofuata imani hiyo, likiongozwa na Lucas Pkiech, lilipambana na polisi, na Wapokoti 29 pamoja na Pkiech mwenyewe wakauawa.

Masinde aliachiliwa uhuru ulipokaribia. Lakini mwaka 1968 serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku Dini ya Msambwa. Mzee huyo alifariki mwaka 1987 kijijini kwake, akiwa ameshafungwa na serikali ya kila bendera aliyoishi chini yake.

Kesi iliyopitia Kitale, 1952 hadi 1953

Serikali ya kikoloni ilipotaka kumshtaki Jomo Kenyatta, Achieng Oneko, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei mbali na macho ya watu, ilichagua Kapenguria, kaskazini mwa Kitale. Kapenguria haikuwa na reli wala hoteli. Mawakili na waandishi wa habari walilala Kitale na kusafiri kila siku katika barabara ya vumbi. D. N. Pritt, wakili mkuu wa washtakiwa, alipowaandikia kwa simu wabunge wa London kulalamikia mazingira hayo, Hakimu Ransley Thacker alimshtaki kwa kuidharau mahakama, na Pritt akashinda shauri hilo Nairobi. Tarehe 8 Aprili 1953 washtakiwa walihukumiwa miaka saba. Oneko baadaye alishinda rufaa yake dhidi ya shtaka, lakini hakuachiliwa.

Kwa miezi hiyo mji wa walowezi, ambao haukutaka Mwafrika asimame barazani mwake, ulikuwa mlango wa kesi iliyosomwa dunia nzima. Mtembezi wa Kitale afike Kapenguria pia; vyumba walimofungiwa vimehifadhiwa kuwa makumbusho.

Mbegu, 1955 hadi 1964

Kuna alama ya Kitale isiyo na mnara, nayo imo katika kila jikoni la Magharibi. Mwaka 1955 mtaalamu wa mimea Michael Harrison alianza kazi ya kuboresha mahindi Kitale. Alichagua kwanza mahindi yaliyokuwa yakilimwa hapa na kutoa mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II. Kisha aliipandanisha na mbegu za Amerika ya Kilatini zilizozoea miinuko. Moja yao, Ecuador 573, ilipokutana na mahindi ya Kitale ilitoa mmea mrefu wenye mazao kuliko wazazi wake wote wawili. Mwaka 1964 mkulima alipata H611. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoundwa na walowezi Kitale mwaka 1956 ili kuuza mbegu za nyasi za malisho, ndiyo iliyoizalisha na kuisambaza.

Mgeuko hapa ni kwamba mbegu hii haikubaki kwa wenye mashamba makubwa. Wakulima wadogo wa Bungoma na wilaya jirani waliipokea kwa kasi, wakinunua pakiti ndogo dukani pamoja na sukari na chumvi. Katika muda wa miaka kumi ilikuwa imeenea Magharibi yote. H614 iliyokuja baadaye bado inaulizwa kwa namba yake Machi mvua inapokaribia. Mahindi mabichi ya kuchoma yanayouzwa kando ya uwanja wa Posta, na gorogoro zinazopimwa katika soko la Kitale, yana ukoo katika kituo hicho cha utafiti.

Mpaka na ununuzi, 1962 hadi 1992

Uhuru ulipokuwa ukijadiliwa, Kitale ikawa mji wa kugombewa. Tume ya mipaka ya majimbo ilisikiliza pande mbalimbali mwaka 1962. Wabukusu walisema Trans Nzoia ni yao na iwe Magharibi. Viongozi wa Kikalenjin walisema ni ya Bonde la Ufa. Hasira zilipanda, hata ndani ya chama cha KADU ambamo Masinde Muliro wa upande wa Wabukusu na Daniel arap Moi wa upande wa Wakalenjin walikaa meza moja. Mwishowe Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa na Bungoma ikawa Magharibi. Mpaka wa mlowezi na hifadhi ukawa mpaka wa mkoa.

Kilichoshindikana mezani watu walikifanya kwa mfuko. Walowezi walipouza na kuondoka, familia za Bungoma ziliunganisha akiba katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi, wakavuka Kamukuywa safari hii wakiwa na hati. Muliro alikuwa mstari wa mbele kuwahimiza. Serikali nayo ilishika mashamba makubwa kupitia shirika la maendeleo ya kilimo, ADC, na mengine yakawaendea watu wenye vyeo. Wasabaoti walirudishiwa kidogo kuliko walichopoteza, na uchungu huo ulizaa damu: mapigano ya mwaka 1991 na 1992, kisha vita vya Mlima Elgon vya 2006 hadi 2008. Hakuna alama ya mjini inayoelezeka bila makaburi hayo.

Bungoma ilikua kwa viwanda. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza uzalishaji mwaka 1974, sukari ya Nzoia ikafuata mwaka 1978. Katikati kulikuwa na msimu wa Chepkube, soko la mpakani: baridi kali iliua mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa ikaruka, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikavushwa usiku kupitia soko hilo mwaka 1976 na 1977. Nyumba za mawe zilijengwa kwa fedha hiyo.

Muliro alirudi ulingoni akiwa mmoja wa waasisi wa vuguvugu la kisiasa la FORD mwaka 1991, akafariki ghafla Agosti 1992 mara tu aliposhuka kutoka ndege iliyomleta toka London. Alizikwa Sibanga, Trans Nzoia. Michael Kijana Wamalwa, Makamu wa Rais, aliyefariki Agosti 2003, naye amelala Kitale. Watu wawili waliozungumza kwa niaba ya Bungoma wamezikwa katika ardhi ambayo tume iliwanyima.

Kilichorithiwa

Stoneham alifariki mwaka 1966 na kuliachia taifa mkusanyiko wake. Jengo jipya lilifunguliwa Kitale mwaka 1974, makumbusho ya kwanza ya taifa ya bara nje ya Nairobi. Humo vipepeo vya kanali vimewekwa pamoja na vyombo vya Waluhya, Wapokoti, Waturkana na Wasabaoti, na nje kuna nyumba za kienyeji na njia ya msituni inayoteremka mtoni. Watoto wa shule huingia kwa foleni. Nalihesabu hili kuwa ushindi: mali ya mtu mmoja imekuwa mahali pa kukusanyika pa wote.

Kanduyi ilipata siku yake tarehe 1 Juni 2024, sherehe za kitaifa za Madaraka zilipofanyika katika uwanja wa Masinde Muliro, maudhui yakiwa kilimo na usalama wa chakula. Taifa zima lilikwenda kwa wakulima wa mahindi kuzungumza juu ya mahindi.

Lakini Chetambe na Malakisi bado zinategemea midomo ya wazee. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zina mabunge, bajeti na maofisa wa utamaduni tangu mwaka 2013. Naziomba zifanye kazi hii kwa pamoja: zikusanye majina ya watu 11 wa Malakisi kutoka kwa familia zao, ziyaandike mahali walipoangukia, na ziweke ukuta wa Chetambe chini ya ulinzi kabla ya jembe na matofali kuumaliza. Nawe msomaji, ukifika Kitale, usiishie kwenye makumbusho. Shika barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, umtafute mzee wa pale, na umwombe akuongoze kilimani.